Sanduku Chini ya Tumbo la Bibi

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka langu la ushonaji, na anayekaa upande wa kushoto lazima akanyage chini vizuri, la sivyo mwenzake wa kulia ataanguka. Ng'ambo ya barabara kuna uzio wa waya wa kambi ya jeshi la anga, na nyuma ya uzio kuna banda la ndege lenye milango mikubwa ya bati. Cherehani yangu iko dirishani, kwa hiyo kila kinachosemwa benchini nakisikia, nipende nisipende. Kiwembe ni kinyozi wa mlango wa pili, mwenye jiko la mkaa na birika la kahawa. Mwalimu alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na bado anaongea kama ameshika chaki. Redio ni fundi wa pikipiki. Tulimpa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kumzimia. Wa nne ni Lenzi, mzee aliyemaliza ujana wake ndani ya uzio ule, kwenye chumba cha giza, akisafisha picha zilizopigwa na ndege ya upelelezi. Ndege hiyo mtaani tunaiita Bibi, maana ilikuwepo kabla ya wengi wetu kuzaliwa.

Siku hiyo Lenzi hakuwa amefika. Mvua ilishinda ikinyesha kama ilivyonyesha siku zote za wiki hiyo, mawingu yameshuka hadi unadhani utayagusa kwa ufagio. Mchana milango ya banda ikafunguka, Bibi akavutwa nje na trekta dogo. Tulikuwa hatujamwona tangu mafundi wajifungie naye humo ndani. Pangaboi zake zilikuwa zile zile, na kiraka cha rangi mkiani kilikuwa kile kile, lakini chini ya tumbo palining'inia sanduku refu jeupe, halina dirisha wala kioo.

Redio ndiye aliyeanza.

— Mjamzito, — alisema. — Si mnaona wenyewe? Na umri wote ule.

— Hilo tangi la mafuta, — Kiwembe akasema.

— Tangi gani lina pembe? Tangi huwa la mviringo.

— Wewe unajua matangi ya pikipiki.

Mwalimu alisubiri wanyamaze, kama alivyozoea kusubiri darasa.

— Ni rada, — alisema. — Rada ya kupiga picha. Wameing'oa kamera ya zamani, wameweka chombo cha kidijitali. Kinatuma mawimbi chini, mawimbi yanagonga vitu, yanarudi juu, kompyuta inayapanga yanakuwa picha. Kama popo anavyofanya.

— Popo hapigi picha, Mwalimu.

— Popo anajua ukuta ulipo hata gizani.

— Kujua ukuta ulipo siyo picha, — Kiwembe alisema huku akimimina kahawa. — Hata mimi nikiamka gizani najua ukuta ulipo. Naugonga.

Injini za Bibi zikawaka. Alikohoa moshi mweusi kama kawaida yake, akakimbia kwenye njia yake ya kurukia, akapaa. Hatukupata hata muda wa kumtazama vizuri. Wingu lilimmeza, ikabaki sauti tu, nayo ikafifia kuelekea bondeni.

Hapo sote tulichanganyikiwa, na sioni aibu kusema hivyo. Kwa miaka yote tuliyokaa pale, Bibi alikuwa haruki kukiwa na mawingu. Lenzi alishatueleza mara nyingi: kamera inataka jua, bila jua unarudi na filamu ya ukungu mtupu. Mawingu yakitanda, marubani walicheza karata.

— Sasa anakwenda kuona nini huko? — Redio aliuliza.

— Nimekwambia ni mawimbi. Yanapenya wingu.

— Yakipenya wingu, yanapenya na bati?

Mwalimu angesema hapana, mambo yangeishia pale. Lakini yeye ni mtu wa kupenda usahihi, na rada hakuwahi kuifundisha.

— Bati, — alisema polepole. — Inategemea. Bati ni chuma. Chuma kina tabia zake.

— Haya basi, inategemea, — Kiwembe akasema, akaweka birika chini. — Maana yake wapo watu wanaotuona humu ndani sasa hivi. Kuna mteja nimemnyoa asubuhi, nimemkata kidogo nyuma ya sikio. Hata yeye hajajua. Wao wanajua.

— Funga pazia, — Redio alimshauri.

— Pazia litazuia nini kama bati limeshindwa?

Nikawaambia kutoka dirishani kwamba kama chombo hicho kinapenya bati, basi nguo hakizioni kabisa, na mimi nashona kazi bure.

— Shona tu, dada, — Mwalimu alisema. — Sisi tusio na rada tutaziona, inatosha.

Redio hakucheka. Alikuwa anakizungusha kikombe mikononi.

— Mwalimu, hebu nieleweshe. Hayo mawimbi yanakwenda, halafu yanarudi?

— Yanakwenda, yanarudi.

— Kwenda na kurudi ni muda?

— Muda mdogo sana. Hujafumba jicho yamesharudi.

— Mdogo, lakini ni muda.

— Ni muda, sawa.

— Basi kinachoonekana ni kile kilichokuwepo yalipogonga, siyo kilichopo sasa. Na ndege ikipanda juu zaidi, muda unaongezeka. Si ndiyo? Ikipanda sana itaona jana. Ikizidi hapo itaona juzi.

— Redio, — Kiwembe alisema.

— Niacheni nimalize. Wakiweza kuona juzi, wataona kila mtu alikuwa amekaa wapi kabla maji hayajafika. Halafu wanapeleka boti pale pale. Sioni ugumu uko wapi.

Mama yake Redio anaishi bondeni. Mto ulivunja kingo usiku wa kuamkia juzi yake, barabara ikakatika, simu zikakatika, na tangu hapo Redio alikuwa anaongea bila kupumzika kuhusu kila kitu isipokuwa mama yake. Alikuwa amejaribu kwenda kwa pikipiki, akarudishwa na askari pale barabara inapoishia majini. Sisi tulimwacha aongee. Mtu wa namna ile ukimnyamazisha hujui atafanya nini.

Mwalimu akaanza kusema kwamba huenda, kwa nadharia, lakini hakumaliza. Lenzi alikuwa anavuka barabara.

Alikuja taratibu, hana mwavuli, kitambulisho cha kambi kinaning'inia shingoni. Kitambulisho hicho tulikuwa hatujakiona tangu astaafu. Akakaa upande wa kushoto bila kukanyaga chini, na Mwalimu nusura amwagikiwe kahawa.

— Wamekuita? — Kiwembe alimwuliza.

— Waliniita asubuhi.

— Kwa ajili ya Bibi?

— Kwa ajili ya bonde. Walisema mzee, wewe umelitazama bonde lile miaka mingi kuliko yeyote, kila paa unalijua kutoka juu. Njoo utusaidie kusoma picha. Bibi alikuwa ameshakwenda mara moja alfajiri, hamkumsikia kwa sababu ya mvua.

Akapewa kikombe, akakishika tu.

— Chumba changu cha giza wamekitia taa, — alisema. — Masinki wameyatoa. Kuna meza, kuna vioo vya kompyuta, kuna baridi ya kiyoyozi mpaka mifupani. Hakuna harufu ya dawa hata kidogo. Nikamwuliza luteni, kijana mpole, anaweza kuwa mjukuu wangu: filamu mnaisafishia wapi? Akaniambia hakuna filamu, babu.

— Na picha ikoje? — Mwalimu aliuliza, akamsogelea.

— Siyo picha.

— Ina maana haikutoka?

— Imetoka. Wao wanasema imetoka nzuri sana, wanapongezana. Lakini mimi naijua picha. Picha ina kivuli. Ukiona kivuli unajua jua liko wapi, unajua mti una urefu gani, unajua ni asubuhi au jioni. Ile haina jua, na vivuli vyake vinaangukia upande ambao ndege haikupita. Ni kama mtu amechukua majivu akayamwaga kwenye kioo.

Redio aliweka kikombe chini.

— Mzee Lenzi, — alisema. — Uliona nini huko?

Lenzi alitazama kahawa yake.

— Kazi ya ndani ya uzio siruhusiwi kuisema.

— Sikuulizi mambo ya jeshi. Nakuuliza mama.

Mvua ilikuwa inapiga kwenye bati juu yetu. Mimi niliondoa mguu kwenye ubao wa cherehani, nikabaki nimeshika kitambaa.

— Weusi, — Lenzi alisema. — Niliona weusi, mwanangu. Nikafikiri ni sehemu ambayo mashine haikupiga vizuri. Nikamwambia luteni, hapa pameharibika, rudieni. Akaniambia hapajaharibika, maji yakitulia ndivyo yanavyotokea. Mawimbi ya rada yakigonga maji matulivu yanateleza yanakwenda zake, hayarudi. Kisichorudisha kitu kinakuwa cheusi. Nikamwuliza, kwa hiyo weusi wote huu ni maji? Akasema wote.

— Wote kiasi gani?

Lenzi alinyoosha mikono yake miwili kidogo, kama mtu anayeonyesha ukubwa wa samaki, halafu akaendelea kuitanua mpaka kikombe kikainama na kahawa ikamwagika kwenye suruali yake. Hakuonekana kusikia moto wake.

— Paa la bati linatokea jeupe, — alisema haraka. — Chuma kinarudisha. Weupe upo hapa na pale, nukta nukta. Lakini sikuweza kuwaambia nukta ipi ni nyumba ipi. Kila kitu kimehama, au mimi ndiye nimehama. Waliniuliza kuhusu mstari mmoja mweupe, mrefu, uko peke yake katikati ya weusi. Nikawaambia huo upuuzeni, ni mkwaruzo.

— Mkwaruzo wa nini? — Mwalimu aliuliza.

— Wa filamu. Filamu ikikwaruzika inaacha mstari mweupe kwenye picha, nimeiona hiyo maisha yangu yote. Luteni akanitazama. Akasema, babu, filamu ipi? Nikaomba ruhusa nije ninywe kahawa.

Hapo kila mmoja akataka kusema kitu cha kusaidia, na kila mmoja akaharibu zaidi. Kiwembe alisema huenda mashine imewekwa kichwa chini miguu juu, kwa hiyo cheusi ndicho kikavu. Mwalimu alisema maji yenye upepo yana mawimbi yake, na mawimbi ya maji yakikutana na mawimbi ya rada huenda yakajumlishana au yakatoana, yeye hana uhakika. Redio alisema kama ni hivyo basi luteni mwenyewe hajui anachokitazama, ametoka tu kufundishwa, na mashine ni ngeni, na nani amewahi kuona maji meusi. Alilisema hilo mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Ndipo mama mmoja akatokea. Hatukumwona alikotokea. Alikuwa amesimama kando ya benchi, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, viatu vyake vimejaa matope mpaka havina rangi.

— Shikamooni, — alisema. — Lango la kambi liko wapi?

Lenzi akamwonyesha kwa mkono. Kiwembe akamwuliza kama atakunywa kahawa kwanza, akakataa kwa kichwa.

— Unamtafuta nani huko, mama? — nilimwuliza.

— Simjui. Yeyote anayehusika na ndege. Nimeambiwa inayokwenda kwetu inatokea hapa. Nilikuwa nimekuja sokoni siku ile, kurudi nikakuta barabara haipo. Mume wangu alipiga simu kabla haijakatika. Alisema wamepanda juu ya paa la kiwanda cha pamba, watu wengi, wazee wamevutwa kwa kamba. Nataka wajue kwamba wako pale.

Redio alisimama.

— Kiwanda cha pamba? Kile karibu na mashine ya maji?

— Hicho hicho.

— Nyumba ya mama iko nyuma yake.

— Nyuma yake hakuna nyumba tena, kaka, — yule mama alisema, siyo kwa ukali. — Lakini watu wa nyuma ndio waliowahi kupanda.

Lenzi alikuwa amekaa vilevile, lakini midomo yake ilikuwa inasogea. Nilimwona anachora kitu hewani kwa kidole: mto, kona ya mto, halafu kitu kirefu kando yake.

— Lile paa refu, — alisema. — Limelala sambamba na mto. Kwenye picha zangu lilikuwa la kijivu, lina kivuli upande mmoja, nilikuwa nalitumia kujua nimefika wapi. — Akaacha kuchora. — Siyo mkwaruzo.

— Nini siyo mkwaruzo? — yule mama aliuliza, akitutazama mmoja mmoja.

Mwalimu alijaribu kumweleza. Akamwambia ndege ina chombo kipya, kinaona kupitia mawingu, kimeshapita juu ya bonde asubuhi, na huenda paa lao limeonekana. Mama alisikiliza kwa makini mpaka mwisho. Uso wake ulikunjuka kidogo, halafu ukakunjana tena.

— Ilipita juu ya mawingu?

— Juu kabisa.

— Kwa hiyo wao hawakuiona.

— Hawakuiona, ila yenyewe imewaona. Paa lao, yaani.

— Sasa watajuaje kwamba wameonekana?

Mimi nilimtazama Kiwembe, Kiwembe akatazama jiko lake.

— Zamani ilikuwa inashuka, — Lenzi alisema. — Rubani akiona watu anashuka, anatikisa mabawa. Watu wanapunga nguo. Nilikuwa nawaona kwenye picha, wamepunga.

— Na sasa?

Redio, ambaye dakika chache kabla alikuwa na ndege inayoona juzi, alisimama kwenye mvua na mikono yake mitupu. Nilijiuliza mwenyewe kimoyomoyo, mimi ningekuwa juu ya lile paa, ningejua kwa dalili gani? Sikuipata.

Lenzi akainuka. Safari hii alikumbuka kukanyaga chini kwanza. Akamwambia yule mama amfuate, wakavuka barabara pamoja. Askari wa lango alimzuia mama, kama tulivyotarajia. Lenzi hakubishana naye. Alisimama pale pale kwenye mvua, amemshika mama mkono, hataki kuingia peke yake, mpaka luteni akatoka mwenyewe kuja kuona kuna nini. Wakaongea. Lenzi akachora tena hewani kwa kidole, mama naye akachora, na luteni akawaingiza wote wawili.

Yaliyotokea ndani tulikuja kuyasikia baadaye, tena kwa kifupi. Walimwonyesha mama kile kioo cha majivu. Alisema haoni kitu. Lenzi akamwambia hata mimi sioni, tuanze na mstari huu. Wakaenda hivyo, kutoka kwenye mstari mpaka kwenye kona ya mto, kutoka kwenye kona mpaka kwenye nukta nyingine na nyingine, Lenzi akikumbuka paa kutoka juu na mama akikumbuka mlango kutoka chini, luteni akiandika. Boti ziliondoka kabla ya jioni kuingia.

Redio hakufanya kazi siku iliyofuata. Alikaa benchini na hakusema neno, na sisi tukaanza kuongea badala yake, maneno yasiyo na kichwa, ili tu pasiwe kimya.

Siku ya pili yake mchana lori la jeshi lilisimama mbele ya lango. Si wote waliokuwa bondeni waliopanda lile paa, na waliokuja kuwatafuta watu wao pale langoni wengine waliondoka kama walivyokuja. Mume wa yule mama alishuka, viatu kavibeba mkononi. Baada yake alishushwa bibi mmoja mdogo wa umbo, amevaa koti la askari linaloburuta chini, na Redio akavuka barabara bila kutazama magari.

Alimleta benchini kwetu. Nilimpa khanga kavu na kitambaa cha kufutia miguu, Kiwembe akampa kahawa, akainywa yote, akapewa nyingine. Mwanawe alikuwa amechuchumaa mbele yake, anamsugua vidole kama anavyosugua plagi za pikipiki.

Mwisho ni Lenzi aliyeuliza. Nadhani alikuwa amelala na swali lile.

— Mama, kule juu ya paa. Ndege mliisikia?

— Tuliisikia.

— Mlijua inawatafuta ninyi?

Yule bibi alifikiri. Alitazama juu, mawingu yalikuwa bado yametanda.

— Ilikuwa inazunguka, — alisema. — Inakwenda, inarudi, inakwenda, inarudi, haishuki. Tukasema masikini, imepotea, haioni pa kutua. Mimi na wenzangu tukawa tunaiombea ipate njia ifike kwao.